Gharama halisi ya kwenda kazini na kurudi: baiskeli, bodaboda na pikipiki yangu mwenyewe hapa Tabora

Mleta mada

Ndugu wana jukwaa, salaam kutoka Tabora Mjini.

Kila mada ya usafiri inapoletwa hapa, hakosekani mtu wa kusema kwamba anayepanda bodaboda kila siku anachoma fedha, na kwamba angejibana miezi michache angekuwa na pikipiki yake. Kwa muda mrefu mtu huyo nilikuwa mimi. Uzi huu ni wa kujirekebisha, kwa sababu katika miaka miwili iliyopita nimeandika kila shilingi iliyotoka mfukoni mwangu kwa ajili ya usafiri, mwaka wa kwanza nikiendesha baiskeli na mwaka wa pili nikiendesha pikipiki, na daftari limenisuta.

Nianze na umbali, maana bila umbali hesabu zote ni porojo. Nakaa upande wa Ipuli na kazi yangu iko katikati ya mji. Kutoka mlango hadi mlango ni kilomita 4.5. Kwa siku ni kilomita 9, kwa mwezi wa siku 22 za kazi ni kilomita 198, na kwa mwaka, ukiondoa mwezi mmoja wa likizo, ni kilomita 2,178. Bodaboda kwa safari hiyo hunitoza shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, yaani 66,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa umbali, kila kilomita ni kama shilingi 333. Namba hiyo naomba muishike, kwa sababu nitaipimia nyingine zote.

Mwaka wa baiskeli. Nilinunua Phoenix mpya, ile ya keria pana nyuma, kwa shilingi 260,000. Mji wetu ni tambarare, na ndiyo maana baiskeli imekaa hapa kama mwenyeji: mkaa, maziwa, wanafunzi, mafundi na misumeno yao, wote utawakuta juu ya magurudumu mawili kabla ya saa moja asubuhi. Kinachotusumbua si mlima, ni mchanga. Kwenye barabara za mitaa ambazo hazijawekewa lami, mchanga wa kiangazi unameza gurudumu la mbele kiasi kwamba unashuka na kukokota, na mtu akikuona anafikiri umepata pancha. Hata hivyo dakika 20 zilinitosha, nyingi kati ya hizo chini ya kivuli cha miembe, wakati kwa miguu safari hiyohiyo inakaribia saa nzima.

Sasa matengenezo. Wengi hudhani baiskeli ukishainunua umemaliza. Kwa mwaka ule nilibadilisha tairi mbili (30,000) na tyubu mbili (10,000), raba za breki mara mbili (4,000), cheni moja (8,000), gololi na grisi (6,000), spoku na kunyoosha rimu (6,500), na nikaziba pancha tisa kwa shilingi 1,000 kila moja. Jumla ni 73,500. Nikikadiria kwamba baiskeli itanitumikia miaka mitano, kila mwaka unabeba 52,000 ya bei ya kununulia, na gharama ya mwaka inafika 125,500. Gawanya kwa kilomita 2,178: ni shilingi 58 kwa kilomita.

Namba hiyo ilinishangaza. Nauli kikomo ya basi la daraja la kawaida, kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023, ni shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita moja. Kwa maneno mengine, mtu anayekwenda Nzega kwa basi, amekaa kitini na kusinzia, analipia kila kilomita pungufu ya ninavyolipa mimi ninayekanyaga pedali kwa miguu yangu. Bila shaka basi halipiti kwenye kichochoro changu, na hilo ndilo ninalolinunua kwa baiskeli; lakini tuache kusema kwamba baiskeli ni usafiri wa bure.

Hapa niseme kidogo kuhusu pancha, kwa kuwa saba kati ya zile tisa zilikuwa ni ujinga wangu. Nilikuwa nikikimbilia fundi yeyote aliye karibu, naye huziba tyubu, hujaza upepo, hupokea elfu moja, na kesho yake asubuhi nakuta tairi limelala. Mzee mmoja mwenye kijiwe chini ya mwembe karibu na soko ndiye aliyenifungua macho. Alitoa tyubu, akaizamisha kwenye karai la maji akiizungusha polepole mpaka viputo vikaonekana, akachomeka njiti ya kiberiti pale penye tundu ili asipapoteze. Kisha, badala ya kushika msasa na gundi, aliiweka tyubu kando akaingiza kitambaa ndani ya tairi na kukipitisha mzunguko mzima, polepole, mpaka kikanasa. Mwiba ulikuwa umevunjikia humo, ncha yake ndefu kama punje ya mchele. "Huu ndio unaokula hela zako," akaniambia, akauchomoa kwa koleo. Tangu siku ile hadi mwaka ulipokwisha nilipata pancha mbili tu.

Mwaka wa pikipiki. Nilinunua ya cc 125, mpya, kwa shilingi 2,900,000, nikiamini kwamba naokoa 66,000 za bodaboda kila mwezi. Nilipima ulaji wake wa mafuta mara tatu kwa kujaza tanki pomoni, na wastani ulikuwa kilomita 42 kwa lita. Kwa urahisi wa hesabu nitatumia bei ya shilingi 3,000 kwa lita. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa bara hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta hushushwa bandarini na kusafirishwa hadi huku, kwa hiyo kila mmoja aweke bei ya mji wake.

Ukikokotoa mafuta peke yake, kilomita moja ni kama shilingi 71, na kwa safari zangu za kazini ni kama 14,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo hesabu inayotupumbaza wengi: elfu kumi na nne dhidi ya elfu sitini na sita! Mimi mwenyewe nilikuwa nikiitangaza ofisini.

Daftari linasema vingine. Oili mara nne, 48,000. Tairi la nyuma, 60,000. Pancha tano, 15,000. Cheni na sproketi zake, 45,000. Breki, 10,000. Plagi, 5,000. Ufundi wa hapa na pale, 30,000. Bima ndogo, 59,000. Na mwisho wa mwaka, nilipomuuliza mnunuzi mmoja angenipa kiasi gani, akaitazama, akaipiga kiki, akatamka 2,300,000. Laki sita zilikuwa zimeyeyuka bila mimi kuandika risiti hata moja.

Sasa zitenganishe gharama hizo katika mafungu mawili. Bima na kushuka kwa bei ya pikipiki, jumla 659,000, utalipa hata kama itashinda uani. Mafuta, oili, matairi na mengineyo hufuata mwendo, na kwangu yalikuwa shilingi 105 kwa kilomita. Kama ningeitumia kwenda kazini tu, kilomita 2,178 kwa mwaka, kila kilomita ingenigharimu takribani shilingi 408. Bodaboda ni 333. Nimeirudia hesabu hiyo mara nne, mara ya mwisho mbele ya mwenzangu anayefundisha hisabati.

Pikipiki inaanza kuwa nafuu kuliko bodaboda ukivuka kama kilomita 2,900 kwa mwaka, yaani 240 kwa mwezi. Mimi niliivuka kwa mbali sana: mita ilisoma kilomita 6,300. Ukigawa gharama zote za mwaka, 1,322,000, kwa mwendo huo unapata shilingi 210 kwa kilomita, na mtu angeweza kunipongeza kwa kutumia chombo vizuri. Tatizo ni kwamba sikuwa na safari za kilomita 6,300. Zilizaliwa. Chombo kikikaa uani, safari huzaliana kama njiwa. Mama mkwe ana kliniki Kitete, shemeji ana karatasi za kupeleka Isikizya, mpwa wangu anaazima Jumapili kwenda bwawa la Igombe na wenzake, msiba wa jirani unahitaji mtu wa kufuata turubai, na mimi mwenyewe nikitaka sabuni ya shilingi 1,000 dukani, mita mia tatu, natia ufunguo. Sisemi safari hizo hazikuwa na maana. Ya mama mkwe ningeifanya hata kwa kumbeba. Nasema tu kwamba mwaka wa baiskeli nilitumia 125,500, mwaka wa pikipiki nikatumia zaidi ya mara kumi ya hizo, na nilikuwa nimewaaga wenzangu kwamba nakwenda kubana matumizi.

Kuhusu gari sina la kusema sana. Mwenzangu ofisini ana gari dogo linalokwenda kilomita 13 kwa lita. Kwa umbali wangu mafuta tu yangekuwa kama 45,700 kwa mwezi, na bima ndogo 118,000 kwa mwaka. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kodi ya mafuta ikaongezwa, hivyo hata hiyo tunailipa pampuni bila kuiona. Gari ni kwa mwenye familia ya kubeba au biashara ya kuendesha, si kwa mtu mmoja wa kilomita tisa.

Karibuni mnikosoe, hasa wenye hesabu zenu zilizoandikwa.

Mchangiaji kutoka Ujiji, Kigoma

Ndugu mleta mada, nimeusoma uzi wako wote na nakubaliana na mengi, isipokuwa huo utambarare wenu umekudekeza. Njoo Kigoma. Mji umekaa juu ya vilima vinavyoshuka ziwani, na mwenye baiskeli hapa asubuhi anateremka bila kukanyaga hata pedali moja, breki zikilia njia nzima, kisha jioni anaisukuma mwenyewe kama mkokoteni. Raba za breki unazosema ulibadilisha mara mbili kwa mwaka, wenzako wanaobeba mkaa na madumu ya mawese kutoka vijijini hubadilisha kila baada ya wiki chache, na wengine huongeza kipande cha soli ya kiatu juu ya gurudumu la nyuma ili wasaidie breki kwa mguu. Kwa hiyo shilingi 58 yako ni ya Tabora, haisafiri.

Jambo la pili: wapo watu wa mkoa huu ambao mjadala wa baiskeli na pikipiki hauwahusu. Ukiwa Mwamgongo au kijiji kingine cha ufukweni kaskazini, usafiri ni boti. Hapo nauli, siku ya kuondoka, na hata saa ya kufika sokoni vinaamuliwa na mwenye boti na upepo wa ziwa. Mtu wa namna hiyo akikusikia unalalamikia mchanga atakuona umeshiba.

Mchangiaji, dereva wa bodaboda, Tabora

Mzee wangu, shikamoo. Umezungumza vizuri lakini umetuhesabia upande wa abiria tu, ngoja nikupe upande wa pili ili watu wajue hiyo 1,500 inakwenda wapi.

Pikipiki ninayoendesha ni ya mkataba. Nampelekea mwenye chombo hesabu ya 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 16, ndipo iwe yangu na kadi nikabidhiwe. Piga mwenyewe: ni 4,160,000 kwa chombo ambacho wewe umenunua kwa 2,900,000. Tofauti hiyo ya 1,260,000 ni bei ya kutokuwa na fedha taslimu. Mafuta ni juu yangu, oili juu yangu, pancha juu yangu, na faini nikikamatwa bila kofia ngumu au nimebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ni juu yangu pia, ingawa tangu mwaka 2021 kosa la pikipiki lilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, na hilo tulishukuru. Kabla ya abiria wa saba au wa nane, kwa siku ya kawaida, ninachokusanya bado si changu.

Kwa hiyo wanaosema bodaboda wanapandisha bei ovyo mvua ikinyesha, waelewe kwamba siku ya mvua abiria wanatoka wachache lakini hesabu hainyeshewi. Mwenye chombo anaitaka kamili.

Na kuhusu pikipiki yako kukaa uani, mzee, kama utachoka nayo mimi nipo.

Mchangiaji, muuguzi, Tabora

Kaka mleta mada, daftari lako ni zuri, ila limeandikwa mchana.

Mimi nafanya kazi za zamu. Zamu ya usiku ikiisha mapema au nikiitwa kwa dharura, barabara kutoka kwetu ina giza na mbwa, na kwa mwanamke mwenye sare nyeupe juu ya baiskeli saa saba za usiku hakuna safu katika daftari lako inayoandika kinachoweza kumpata. Nilikuwa na baiskeli na bado ninayo. Mchana naendesha bila wasiwasi, nimefunga kibati cha kukinga cheni ili isile nguo, na taa ya dinamo inafanya kazi. Usiku haifanyi kazi kwa maana ninayoitaka: nikipunguza mwendo kwenye mchanga, dinamo inapunguza mwanga, yaani pale hasa ninapohitaji kuona ndipo taa inapofifia.

Nilichofanya ni kukubaliana na dereva mmoja, mtu mzima ninayemfahamu na mkewe ananifahamu, nampa 50,000 mwisho wa mwezi kwa safari zangu za usiku tu. Ukigawa kwa kilomita utapata bei kubwa pengine kuliko zote ulizoandika, lakini ananisubiri getini, na akiumwa anamtuma mdogo wake na kunipigia simu kunijulisha. Sijui hilo utaliweka fungu gani, linalofuata mwendo au lisilofuata.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Nianze na dada yangu muuguzi: umenishika pabaya, na nakiri kwamba katika miaka yote miwili sikurudi nyumbani baada ya saa mbili usiku zaidi ya mara sita. Hesabu yangu ni ya mtu mwenye kazi ya mchana, na ilipaswa kusemwa mwanzoni. Kuhusu dinamo, fundi wangu wa chini ya mwembe hushauri taa ya betri ya kuchaji, ifungwe kwenye usukani, kwa kuwa haijali mwendo. Yangu bei yake ilikuwa 12,000, ila sikuiandika kwenye daftari kwa sababu nilipewa na mke wangu kama zawadi.

Ndugu wa Ujiji, nimekubali. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912 na kwenu mwaka 1914, nadhani hawakuwa na muda wa kulalamikia mchanga.

Kijana wangu dereva, marahaba. Hesabu yako imenionyesha kitu ambacho sikukiona: ile 408 ambayo ningelipa kwa kilomita kama ningekwenda kazini tu, na ile 1,260,000 unayolipa wewe juu ya bei ya dukani, zote zinatokana na chombo kimoja cha 2,900,000. Mimi nina chombo kisicho na safari za kutosha, wewe una safari zisizo na chombo. Kabla ya kusoma jibu lako nilikuwa nafikiria kumpa yule mnunuzi kwa 2,300,000. Mkataba wa hesabu sitaki, kwa sababu sina moyo wa kumdai mtu siku ya mvua. Ila kama unaweza kupata nusu ya 2,300,000 sasa na nusu kwa miezi sita bila riba, nitumie ujumbe wa faragha, tuandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kadi ibaki kwake hadi utakapomaliza.

Wengine mmeuliza nini kinaendelea kwa sasa. Tangu Jumatatu nimerudi kwenye Phoenix. Pikipiki iko uani na lita moja na nusu kwa ajili ya dharura, ufunguo anao mke wangu, na mpwa wangu wa Igombe ameelezwa kwamba mwenye kuazima anatangulia na mafuta. Jumapili iliyopita hakuja.